Jiwe Lililolia Nyuma ya Wifi

Wifi yangu anafanya kazi ya kusikiliza mawe yakipasuka. Ukimweleza mtu hivyo anadhani unamtania, kwa hiyo nyumbani tumekubaliana kusema kwamba yuko maabara, na mtu akiuliza maabara ya nini tunamwongezea chai. Miaka kumi na mmoja amekaa kwenye kiti kimoja chenye mto wa kijani, hedifoni masikioni, kalamu mkononi, akingoja mlio mdogo kuliko wa mdudu anayegonga kioo. Akiusikia anaandika saa, dakika na sekunde. Usipolia, anaendelea kungoja.

Kazini wanamwita Sikio. Mimi namwita Wifi kwa sababu nimeolewa na kaka yake, na yeye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunisalimu kwa adabu hata siku moja. Asubuhi akitoka chumba cha uani, kabla hajanawa uso, utamsikia: "Mwizi wa kaka yangu, umeamkaje?"

"Njoo umchukue, nimeshamchakaza."

"Bidhaa ikishatumika hairudishwi, mama wee!"

Hapo ndipo nyumba yetu inapoamka. Mume wangu hupita katikati yetu na mswaki mdomoni, kama mtu aliyepotea njia akatokea kwenye ugomvi usiomhusu.

Ni Wifi aliyenitafutia kazi ya usafi katika jengo lile lile. "Usiniaibishe," aliniambia siku ya kwanza, "na usiguse waya." Mambo mawili tu. Nilishindwa yote mawili, na ndiyo maana ninayo ya kusimulia.

Chumba chake kiko chini ya ardhi, mwisho wa korido, kwa sababu juu kuna magari na milango na watu wanaoburuta viti. Hakina dirisha. Unashuka ngazi kumi na saba, na kadiri unavyoshuka sauti za watu zinakuacha moja moja, mpaka unabaki na pampu peke yake. Pampu hiyo inavuta hewa kutoka kwenye tangi nene la chuma ambalo wenyewe wanaliita chungu. Ndani ya chungu hamna hewa hata tone, kama vile huko juu kusikokuwa na hewa, ambako ukipiga ukelele hata wewe mwenyewe huusikii. Na ndani humo kuna nusu ya jiwe.

Jiwe lenyewe ni kimondo kilichoanguka kabla sijazaliwa, kikubwa kama ngumi mbili. Kabla ya hapo kilikuwa kipande cha asteroidi, yaani mojawapo ya yale majabali yanayozunguka jua mbali na sisi. Walikikata katikati kwa msumeno wa almasi. Nusu moja ikaingia chunguni, inachomwa mpaka inaunguza, halafu inapozwa mpaka inaganda, halafu inachomwa tena. Mzunguko mmoja ni saa mbili na dakika kumi na mbili, kwa kuwa ndio urefu wa siku moja huko lilikotoka. Sisi tukilala na kuamka mara moja, lenyewe limeshaona mapambazuko karibu kumi na moja. Nusu ya pili waliiweka rafuni juu ya karatasi nyeupe, isifanywe chochote, ili siku ya siku wailinganishe na ile iliyoteswa. Ilikuwa na miaka miwili hapo. Watu wa pale wana mizaha yao: la chunguni wakaliita Mshtakiwa, la rafuni wakaliita Shahidi. Rafu iko ukutani nyuma ya kiti cha Wifi, usawa wa kisogo chake.

Mambo haya yote nilielezwa wakati wa chakula cha mchana, maana Wifi hawezi kula kimya.

"Mimi nilidhani yanavunjika kwa kugongana," nilimwambia siku moja.

"Yapo yanayogongana. Lakini ile ni ajali. Mengi yanauawa na jua."

"Jua gani?"

"Hili hili la kuanikia nguo." Akanyoosha kijiko kwenye dari kana kwamba jua lilikuwa limetundikwa pale. "Mchana ngozi ya jiwe inatanuka, usiku inasinyaa, ndani hakujui kitu. Basi ngozi inavuta, ndani kunakataa. Leo ufa mwembamba kuliko unywele, kesho unywele, baada ya miaka elfu kadhaa kipande kinaanguka. Hakuna aliyelipiga. Bandu bandu huisha gogo, wifi."

Akaniambia kwamba mengine hata si mawe, ni rundo la kokoto zinazosafiri pamoja, hakuna saruji wala kamba, ni uzito wao mdogo tu unaoziambia kaeni. Mwanga wa jua unalisukuma rundo hilo kombo kombo, kidogo kidogo, linazunguka upesi zaidi na zaidi, mpaka siku moja zile za kiunoni zinanyanyuka taratibu na kuondoka.

"Zinakwenda wapi?"

"Zinafuata njia ile ile. Mbali kidogo na wenzao."

"Hazirudi?"

"Chache. Nyingine ndiyo zimekwenda." Akatafuna. Halafu akanionyesha vile visahani vinne walivyoviweka mezani kwa ajili ya wageni, unga wa jiwe moja uliopigwa, kila kisahani zaidi ya kilichotangulia, kwa mionzi ya kuigiza upepo wa jua, zile chembe ambazo jua hurusha bila kukoma. Cha kwanza kilikuwa cheupe-kijivu, cha pili kimefifia, cha tatu chekundu-chekundu, cha nne cheusi kama masizi ya taa. "Jiwe ni lile lile. Ngozi ndiyo inayozeeka. Juu unaona bibi, ukilipasua ndani unakuta msichana."

"Kama mimi."

"Wewe ndani pia ni bibi."

Nilimuuliza kama haogopi kukaa peke yake mle chini, na mlio ule masikioni kutwa. Akasema jiwe linalolia halimtishi. "Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kila nilipoona kipande kimedondoka, lilikuwa limenyamaza siku mbili tatu kabla." Nikamwomba anipe hedifoni nisikie mara moja tu. Akakataa. Alisema masikio yangu yamejaa umbea, yataziba mashine.

Kosa langu lilitokea Jumanne asubuhi kabla hajafika. Mezani kwake kuna kisanduku kidogo chenye tundu moja, ndimo unamochomekwa waya unaotoka kwenye kinasa mlio kilichobandikwa mwilini mwa Mshtakiwa. Waya wa Shahidi, unaotoka kwenye kinasa kama hicho, unaning'inia kwenye msumari pembeni. Huo hutumiwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi tu, saa moja, kuhakikisha kwamba Shahidi yuko kimya kama anavyotakiwa. Nilikuwa napiga deki. Gurudumu la ndoo likanasa, nikalivuta kwa hasira kwa sababu ndoo ile ina wazimu wake, na nyaya zote mbili zikaja sakafuni kwenye maji. Nikazifuta kwa aproni. Zilikuwa pacha. Nikachomeka mmoja, nikatundika wa pili, nikasema Mungu anajua. Mungu alijua, lakini aliyetakiwa kuulizwa ni Wifi.

Siku ishirini zilipita. Katika siku hizo alisema maneno ambayo hadi leo sijayasahau.

"Siku hizi linalia kwa karibu," aliniambia tukishuka ngazi.

"Karibu vipi?"

"Kama lipo chumbani nami. Na pampu siisikii tena masikioni, ni safi kabisa. Milio yenyewe michache, laini, kama mtu anayekunja vidole vya miguu chini ya shuka." Akasimama kwenye ngazi. "Mara nyingine najikuta nimegeuka nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Ukuta. Rafu."

Tukacheka wote wawili, nikamwambia labda ni mchumba. Lakini tulipofika mlangoni aliangalia ndani kwanza kabla ya kuingia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na kiti chake alikisogeza kidogo mbali na rafu.

Siku ya ishirini, Jumatatu, nilikuwa napangusa rafu. Waya wa Shahidi ulikuwa na vumbi, nikaushika kwa kitambaa nikaufuata, nikipangusa polepole, pembeni ya ukuta, chini ya meza, juu ya meza, mpaka kitambaa kikagota kwenye kisanduku. Nikabaki nimekishika. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na hakuna mtu. Nikachomoa, nikachomeka ule mwingine, nikatundika wa Shahidi kwenye msumari wake. Nilipoinua kichwa jiwe lilikuwa limekaa juu ya karatasi yake, upande wake uliokatwa ukinitazama, na niliona haya kabisa, kama vile nimekutwa na mtu mzima. Nikachukua ndoo nikatoka. Nilijiambia: limekwisha, nani ameumia?

Jumatano yake ulikuwa ulinganisho. Mkuu wa maabara, tunamwita Daktari, ni mtu mwembamba anayevaa ndala laini ili asisumbue mawe, na sauti yake haijawahi kupanda tangu nimjue. Kompyuta yake ina waya wake wenyewe kwenye Mshtakiwa. Kila baada ya wiki nne anachukua alichoandika Wifi na kilichoandikwa na kompyuta, anavilaza pamoja. Kwa kawaida milio tisa katika kumi hukubaliana. Safari hii, katika zile siku ishirini, haukukubaliana hata mlio mmoja.

Akamjaribu siku mbili. Wifi akapatia yote, maana waya ulikuwa umesharudi kwake, nami ndiye niliyeurudisha.

"Sikio ni zima," Daktari alimwambia. "Basi siku zile ishirini uliandika nini?"

"Nilichosikia."

"Hakikuwepo."

"Pampu ilipotea, Daktari. Jumatatu ikarudi."

"Pampu haijazimwa hata dakika moja. Ninayo rekodi." Akasema, kwa upole ule ule, kwamba Jumatano inayofuata watakuja wakubwa wawili kutoka ghorofani, na itabidi waamue kama madaftari ya miaka kumi na mmoja yataendelea kuhesabiwa au yataondolewa yote. Mtu aliyebuni milio siku ishirini, nani ajue kabla ya hapo alibuni mingapi.

Haya nilisimuliwa na Wifi mwenyewe jikoni, akimenya viazi. Nilitegemea atakasirika, alalamike, amtukane Daktari na ndala zake. Hakufanya hivyo. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikawa kidogo kama yai la njiwa.

"Unajua Mama alianzaje?" akaniuliza.

Nilijua. Mama mkwe wangu, miaka yake ya mwisho, alikuwa anasikia watu wanamwita. Mwanzoni ilikuwa mlangoni, baadaye ukutani, mwisho kabisa alikuwa anafungua kabati na kuitikia, "Abee, nakuja." Tulimzika akiwa hatujui anatuona sisi au anawaona hao.

"Wewe si Mama," nilimwambia.

"Nilisikia, wifi. Kila mlio. Ningeweza kukuonyesha kwa kidole ulikotoka." Akaelekeza kisu nyuma ya kichwa chake.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilikuwa kwenye ulimi, nililisikia uzito wake. Nikafikiria kazi yangu, nikafikiria atakavyoniangalia, nikasema, "Utachelewa kulala, lete nimalizie mimi."

Siku hizo sitazisahau. Wifi alianza kuupima ukweli wa kila sauti nyumbani. Bati likilia kwa jua la saa sita anainua mkono: "Na wewe umesikia?" Namwambia nimesikia, ni bati. Friji ikikohoa: "Na wewe umesikia?" Bomba, mlango wa jirani, kiti cha mume wangu. Mara moja aliuliza na mimi sikuwa nimesikia kitu, na nilichelewa kujibu nusu dakika hivi. Niliona uso wake. Baada ya hapo hakuuliza tena, akawa anakaa tu na viganja vyake vimelala magotini, akitazama kabati la vyombo.

Mume wangu alikuwa anazunguka nyumba. "Dada yangu hajawahi kusema uongo hata wa harusini," aliniambia. "Alimwambia bibi harusi kwamba gauni linambana! Mtu huyo anabuni milio ya mawe? Kuna mtu amefanya kitu pale. Kikulacho ki nguoni mwako." Mimi nilikuwa nakunja nguo. Niliendelea kukunja.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana na jibu halipendezi. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili niliogopa kwa sababu sikusema siku ya kwanza. Kila asubuhi iliyofuata ilinikuta nikiwa na kosa kubwa kuliko lile la jana, ingawa sikuwa nimeongeza kitu.

Siku ya tisa tangu nirudishe waya, Jumatano, wale wakubwa wawili walishuka ngazi. Nilikuwa koridoni na dekio. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Wifi kwenye kiti chake, madaftari yake yamepangwa mezani kwa miaka, na mmoja wa wakubwa akimuuliza kama kuna historia ya maradhi ya akili katika familia. Wifi akafumbua mdomo ajibu. Najua angejibu nini, kwa sababu hasemi uongo.

Niliingia na ndoo yangu na yote. Nikasema. Ndoo, maji, nyaya pacha, siku ishirini, Jumatatu, kitambaa. Nilisema haraka na kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile.

Nilidhani watashusha pumzi. Daktari alinitazama kwa huruma.

"Mama, unajua ulichosema? Kama alikuwa anasikiliza Shahidi, basi alikuwa anasikiliza jiwe lisilofanywa chochote. Halichomwi, halipozwi. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tunalisikiliza saa nzima, miaka miwili sasa, na halijawahi kulia." Akageukia wenzake. "Hii haimsaidii. Hii inamaliza kesi."

Nilikuja kumtoa shimoni, nikawa nimemfukia. Nikamtazama Wifi ili aone kwamba sikukusudia, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, pole pole, na anaitazama rafu.

"Karatasi," alisema.

"Karatasi gani?"

"Iliyo chini yake. Niliibadilisha mwenyewe Jumatatu ya kwanza. Ilikuwa mpya."

Daktari alivaa glavu. Alimnyanyua Shahidi kwa mikono miwili kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala, akamweka pembeni. Sote tukasogea.

Juu ya karatasi nyeupe palikuwa na vumbi, chembe chembe za kijivu zilizofuata umbo la jiwe. Na katikati ya vumbi palikuwa na kibanzi kimoja, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Upande mmoja kilikuwa cheusi, ngozi ya kuunguzwa na hewa wakati jiwe linaanguka. Daktari akakigeuza kwa ncha ya kibano. Upande wa pili kilikuwa cheupe, kibichi, kinang'aa chini ya taa. Ubavuni mwa Shahidi palikuwa na doa jeupe la umbo lile lile.

"Nani amemgusa?" akauliza mkubwa mmoja.

Hakuna aliyekuwa amemgusa. Nilihesabu kichwani: siku ishirini, mwanamke amekaa hapa na mgongo wake, na nyuma ya kisogo chake, hatua moja na nusu, kitu kinajifungua chenyewe. Naye aligeuka, akaona ukuta na rafu, akageuka tena kuandika.

Daktari alichukua daftari la Wifi na karatasi za kompyuta, akaviweka sakafuni, akapiga magoti. Alikuwa anasogeza kidole huku na huku. Mlio wa kwanza wa Wifi ulikuja dakika arobaini hivi baada ya Mshtakiwa kufika kilele cha joto. Wa pili vile vile. Wa tano, wa kumi na moja. Akainuka, akaweka kiganja ukutani nyuma ya rafu, akakiacha hapo muda mrefu.

"Bomba la kutolea joto la chungu linapita humu ndani," akasema. "Ukuta unapata vuguvugu. Kidogo sana. Digrii moja, labda mbili." Alikuwa anaongea na ukuta. "Lakini mara kumi na moja kwa siku. Miaka miwili."

"Na zile Jumatatu za kwanza?" Wifi akauliza.

Daktari akavua glavu moja, kisha ya pili. "Tunazima chungu," alisema. "Ili pasiwe na kelele."

Basi miaka miwili walikuwa wanamsikiliza Shahidi saa ile tu ambayo hakuwa na sababu ya kulia, na kuandika kwamba ni kimya. Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Wakubwa wakatazamana. Daktari akamwomba Wifi radhi mbele yao wote, kwa maneno yaliyokamilika, na akasema madaftari yatabaki, yote, na kwamba kosa la maabara nzima limekamatwa na sikio la mtu mmoja. Mimi nilikemewa kidogo, nikasamehewa. Kwa jinsi furaha ilivyokuwa kubwa, hata ndoo yangu haikukumbukwa.

Walipopanda ngazi nilibaki nyuma nikaweka kiganja changu ukutani, pale pale alipoweka Daktari. Nilikiacha mpaka mkono ukachoka. Ukuta ulikuwa wa baridi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kama kawaida. Nilimwambia nisamehe, akasema amenisamehe. Tukapita kwa fundi viatu, tukapita pale wanapouza mkaa. Halafu akaniuliza bila kupunguza mwendo.

"Uliporudisha waya, ilikuwa Jumatatu ile?"

"Ndiyo."

"Mpaka leo."

"Siku tisa, wifi."

Midomo yake ilicheza kidogo. Alikuwa anapiga hesabu, nami nilijua ni hesabu gani, kwa sababu nimeishi naye.

"Tisini na nane," alisema.

"Nini?"

"Kwa siku zake. Amepambazukiwa mara tisini na nane, na mimi nakaa nasikiliza kabati kama Mama." Hakusema kwa hasira. Hasira ningejua la kuifanyia. "Lakini ulikuja kusema. Ahsante."

Asubuhi yake nilikuwa jikoni nasubiri mlango wa chumba cha uani. Ukafunguka. Nilikuwa nimeshaandaa jibu langu.

"Hujambo, mama," alisema. "Umeamka salama?"

Imekuwa hivyo tangu hapo, na sasa ni mwezi wa tatu. Ananipisha mlangoni. Ananimiminia chai mimi kwanza. Nikipika chumvi imezidi anasema chakula kizuri. Mume wangu amefurahi, anasema afadhali wanawake wa nyumba hii wamekua. Mimi siku nyingine namchokoza makusudi, namwambia kaka yake amezeeka nataka nimbadilishe, naye anatabasamu na kusema, "Mungu awajalie." Nimelia kwa ajili hiyo, nasema wazi. Nimelia bafuni, bomba limefunguliwa.

Kazini Daktari aliagiza Shahidi asikilizwe kila siku. Amepata kisanduku chake na hedifoni zake, na Wifi anagawa saa zake kati ya ndugu hao wawili. Wiki iliyopita nilishuka na ndoo, nikamkuta amekaa ameelekea rafu, siyo meza. Siku hizi anakaa hivyo. Alinipungia mkono nisogee. Akavua hedifoni, akazifuta kwa kitambaa safi, akanivalisha mwenyewe, akazirekebisha zikae sawa. Zile zile nilizomwomba akaninyima.

Nilishika pumzi nikasikiliza. Nilitazama jiwe, lile doa jeupe ubavuni mwake limeanza kuwa na vumbi. Nilisikia damu yangu, kisha nikazoea, halafu sikusikia kitu. Ulikuwa uwazi mkubwa, kama kuweka sikio kwenye mlango wa nyumba iliyohamwa. Nilingoja sana. Yeye alisimama pembeni yangu na mikono nyuma, mvumilivu, kama mtu anayemsubiri mgeni amalize kuangalia picha.

"Silisikii," nilisema.

"Eeh. Limenyamaza tangu Alhamisi."

"Sasa linangoja nini?"

"Halingoji kitu. Siku zake tu ndizo zinapita."

Nikazivua hedifoni nikamrudishia. Nilitaka kumwambia nitukane, wifi, niite mwizi, niite bibi, sema masikio yangu yameziba mashine. Nilifumbua mdomo kabisa. Akazipokea kwa mikono miwili, akaangalia sakafu niliyoipiga deki asubuhi, ikimeremeta mpaka chini ya rafu.

"Umesafisha vizuri," alisema. "Ahsante, mama."